Injini Haisukumwi

Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu mpaka siku aliponiomba injini ya treni. Viatu nilimnunulia bila kuombwa, blanketi vilevile, na alivipokea kwa uso wa mtu anayekusaidia kutua mzigo wako. Injini aliiomba mwenyewe, kwa mdomo wake, na hiyo ndiyo sikumpa.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa fundi wa karabai na stovu pale Kasulu mjini. Nilifanyia kazi kwenye baraza la duka la Mwislamu mmoja ambaye wazazi wake walitoka pwani, upande wa Tanga, mtu asiyeweza kukuuzia kiberiti bila kukutania kwanza. Pembeni yangu alikaa fundi cherehani, Mrundi aliyevuka mpaka na familia yake wakati wa machafuko ya kwao. Mimi nilikuwa na jiriwa moja, tupa nne, keekee ya mkono, na pua iliyozoea mafuta ya taa. Karabai yoyote iliyogoma kuwaka kuanzia Heru Juu mpaka Nyakitonto ilipita mikononi mwangu, na nilijiona. Nalisema hili mapema kwa sababu kujiona kule ndiko kulikoniponza.

Baba alikuwa amestaafu kazi ya reli na kurudi Murungu, upande wa Kibondo, kulima maharage na mihogo. Kazini alikuwa mtia mafuta wa injini za mvuke, kati ya Kigoma na Tabora. Treni ikisimama, abiria wakikimbilia mayai na karanga, yeye alishuka na kopo lake lenye mdomo mrefu akaizunguka injini, kiungo kwa kiungo, akigusa kila mahali kwa mgongo wa mkono kujua pana joto kiasi gani. Hakuwahi kuiendesha. Lakini aliijua kama mama anavyojua mwili wa mtoto anayemwogesha.

Shida ilianza alipohamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, hapo hapo Murungu, wakati watu wote walipohamishwa. Majirani wa zamani walitawanyika, wapya hawakumjua. Jioni kwenye mtungi wa pombe, mrija ukipita mkono kwa mkono, aliwasimulia habari za chuma kinachokunywa maji, kinachokula kuni, kisha kinaondoka chenyewe na watu mia kadhaa mgongoni. Wengi wao hawakuwahi kufika Kigoma. Walimcheka. Mmoja akamuuliza: "Na jiwe lako la kusagia, mzee, linakunywa nini?" Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yake pale kijijini.

Basi akapanda lori, akaja Kasulu, akakaa kwenye kigoda changu cha kazi bila kukaribishwa.

"Wewe si unalehemu shaba?" aliniuliza.

"Nalehemu, Data." Ndivyo tulivyomwita baba, kwa Kiha.

"Nitengenezee injini. Ndogo, ya kukaa mezani. Ya shaba tupu, isishike kutu."

"Ya kuangalia?"

Alinitazama kama mtu aliyewekewa chumvi kwenye chai. "Ya kwenda. Niwashe moto mbele yao, maji yachemke, iondoke. Mtu asiiguse. Sikia: injini haisukumwi. Ikisukumwa ni toroli."

Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Mzee, huyu stovu tu humshinda," alisema.

Nikajibu kwa hasira kwamba hiyo kazi ni ya mwezi mmoja. Ulimi hauna mfupa. Ilinichukua karibu miaka miwili.

Shaba niliipata kwa kuokota. Tangi la karabai iliyotoboka likawa boila. Pampu mbili za stovu zilizokufa zikawa silinda, maana zimeshatobolewa vizuri na zina pistoni zake za ngozi ndani. Makomeo ya dirisha yakawa mikono ya injini, ile inayounganisha pistoni na magurudumu. Magurudumu yenyewe yalinisumbua mpaka mwenye duka aliponiletea mawe yake ya zamani ya mizani, ya shaba, yale ya ratili, ambayo hayakuwa na kazi tena tangu nchi ihamie kwenye kilo.

"Chukua," alisema. "Serikali imesema kilo, nami nimesema kilo. Haya sasa ni ya kutupia mbwa."

Jiwe moja la ratili mbili nililikata vipande sita kwa msumeno, kama muhogo, vitatu vya kulia na vitatu vya kushoto. Kila kipande kilinila siku mbili za tupa. Vidole vyangu vilikuwa vya njano mpaka mke wangu akanikataza nisishike ugali wa watoto.

Baba alikuja kukagua wakati ina kiwiliwili tu, haina miguu. Akalisogeza bomba la moshi mbele kidogo, akasema kengele haikai pale, inakaa hapa. Halafu akafungua fundo la kitambaa, ndani mkiwa na bangili nne za shaba. Zilikuwa za marehemu mama.

"Hakuwahi kupanda treni," alisema. "Kila mwaka namwambia, mwaka ujao. Zifunge kwenye boila. Injini zote zina mikanda pale."

Nikazinyoosha, nikazizungusha kwenye boila, nikazilehemu. Alizipapasa kwa mgongo wa mkono, kama anapima joto, akaondoka kwenda kutafuta lori la Kibondo. Nilifurahi sana siku ile. Nilidhani nimeshamaliza.

Kilichobaki ni miguu, na kwa miguu sikutaka kubahatisha. Nikaenda Kigoma kuichora. Nilikaa stesheni juu ya mfuko wangu, karatasi gotini, injini ya mvuke imesimama mbele yangu ikipumua, nami nachora magurudumu na mikono yake, kila pini mahali pake. Sikuwa nimemaliza nilipoona kivuli cha askari juu ya karatasi.

"Unachora nini?"

"Magurudumu, afande."

"Ya nani?"

"Ya treni."

"Ya Serikali," alinisahihisha, akainyakua karatasi.

Enzi zile tulifundishwa kwamba jasusi hana alama usoni, na mimi nadhani nilikuwa nayo. Nilikalishwa kwenye benchi mpaka mchana. Kilichoniokoa ni karabai yao wenyewe, iliyotundikwa ukutani imekufa. Nikaomba niitazame, nikaizibua tundu lake kwa waya, ikawaka pale pale. Askari akacheka, akanirudishia karatasi yangu. Nikaona nitumie bahati hiyo, nikamwomba nivuke reli nichore na upande wa pili.

"Upande wa pili hakuna ruhusa," alisema. "Na wa nini? Treni ni kama mbuzi. Pande zote sawa."

Nilimwamini. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimwamini mtu ambaye hakuweza kuzibua karabai, na jibu ni kwamba nami nilidhani hivyohivyo.

Niliporudi barazani, fundi cherehani alinionyesha la kufanya. Yeye alikuwa akikata mkono mmoja wa shati, anaugeuza, anakata wa pili kwa kuufuatisha. "Mikono ni miwili, lakini kipimo ni kimoja," alisema. Nikaiweka karatasi yangu kwenye kioo cha dirisha la duka, nikaigeuza, nikafuatisha mistari upande wa nyuma. Nikapata upande wa pili bila kuvuka reli ya mtu. Pini ya kulia ikiwa juu ya gurudumu, ya kushoto nayo ikawa juu. Zililingana kama macho usoni. Nikajipongeza.

Nilikuwa nalehemu magurudumu kwenye ekseli zake dereva wa lori aliposimama mbele ya duka akaniita pembeni. Baba alikuwa ameanguka shambani. Kiharusi.

Lori lilelile likamleta siku ya tatu, amelala juu ya magunia ya maharage, kichwa mapajani mwa dada yangu mkubwa. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu wa kulia umekufa nusu, mdomo umekwenda upande. Hospitali ya misheni walimlaza wiki mbili, wakasema tumpeleke nyumbani, tumkunje na kumnyoosha miguu kila siku isikakamae, tumchue, tusubiri. Tukamweka chumba cha mbele nyumbani kwangu. Dada hakurudi Murungu. Alitandika mkeka wake kando ya kitanda, akahamia pale.

Maneno yote yalikuwa yamemtoka baba isipokuwa moja: oya. Kwetu ni hapana. Daktari alikuwa ametuonya kwamba wagonjwa wa namna hii wanaweza kubakiwa na neno moja na kulitumia kwa kila kitu, tusilichukue kama lilivyo. Lakini ni vigumu. Unamuuliza kama anataka uji, anasema oya huku anafungua mdomo. Unamwambia mvua inanyesha, anasema oya huku anatazama dirisha na kutabasamu kwa nusu ya uso. Dada alimzoea kuliko mimi. Mimi neno lile lilinichoma kila mara, kwa kuwa mimi ni mtu ninayetaka kusikia kazi yangu ni nzuri.

Nikasema dawa yake ni injini. Hakuna aliyenishauri, niliamua tu. Nilifunga kazi za watu zote. Mwenye duka akanitania kwamba karabai za mji mzima zitakufa kwa ajili ya toroli langu, halafu akaniletea chupa ya spiriti ya kuwashia moto chini ya boila, bila maneno zaidi.

Siku ilipokuwa tayari niliichukua nyumbani asubuhi, imefunikwa kitambaa. Dada alikuwa amemkalisha baba kitandani, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa juu na nguo iliyoviringishwa chini ya lile la kulia lisianguke. Nikaweka meza mbele yake. Nikafunua.

Alilia. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya hapo. Machozi yalitoka jicho la kushoto na la kulia sawasawa, kiharusi hakikuyagusa.

Nikawasha spiriti. Maji yakaanza kuimba ndani ya boila, bangili za mama zikatoka jasho, mvuke ukapiga kelele kwenye viungo. Nikafungua koki. Injini ikatetemeka. Haikwenda.

Nikaisogeza kwa kidole, kidogo tu, na ikakubali: magurudumu yakazunguka, ikatembea karibu shubiri mbili, ikapunguza, ikakwama. Nikaisukuma tena, ikaenda, ikakwama.

"Oya," alisema baba.

"Ni ngeni, Data, bado ina ugumu."

"Oya. Oya."

Kisha akafanya jambo ambalo tangu siku hiyo alilifanya kila nilipoileta. Aliukamata mkono wake uliokufa kwa ule mzima, akauinua, akauweka juu ya goti la kulia, juu kabisa. Ukateleza. Akaurudisha. Halafu mkono wa kushoto akaupeleka mbele ya goti la kushoto, upande wa huko kwenye ugoko, akaushikilia pale. Akanitazama. Akatikisa magoti kidogo, kwa shida, akanitazama tena.

"Oya!"

"Magoti yanamuuma," alisema dada. "Tangu asubuhi nimeyakunja mno."

Akachukua kopo la dawa ya kuchua, ile nyekundu inayowasha, akaanza kumchua goti la kulia. Nami nikachua la kushoto. Tulimchua kwa bidii, watoto wema wawili, yeye akisema oya, oya, mpaka akanyamaza.

Niliirudisha injini barazani kutafuta ugonjwa wake. Nikafikiri ni ngozi za pistoni, nikakata mpya. Nikafikiri mvuke unavuja, nikalehemu upya viungo vyote. Nikafikiri ekseli zimepinda, nikazitoa, nikazinyoosha, nikazirudisha kwa uangalifu mkubwa mahali pale pale. Kila nilipogusa nilitengeneza kitu, na kila nilichotengeneza kilikuwa kizima tangu mwanzo. Ikifika mahali fulani pa mzunguko ilikufa, na nikiigusa kwa kidole inafufuka.

Fundi cherehani aliitazama kwa muda, mguu wake kwenye kikanyagio.

"Mbona hata hii yangu iko hivyo?" aliniambia. "Ikisimamia mahali pabaya, nikanyage, nisikanyage, haiendi. Nashika gurudumu kwa mkono, naianzisha. Ndivyo zilivyo."

"Ego," nikasema. Ndiyo. Ndivyo zilivyo. Nilifarijika kupata mwenzangu katika udhaifu.

Lakini baba hakutaka cherehani. Nilimpelekea mara ya pili, na ya tatu, na mara ambazo sikuzihesabu. Kila mara nilikuwa na jipya la kumweleza, na kila mara kidole changu kilikwenda kuisukuma, na kila mara alisema neno lake na kuanza ule mchezo wa magoti. Mkono uliokufa juu ya goti la kulia, mkono mzima mbele ya goti la kushoto. Mbele yangu alifanya hivyo injini ikiwapo tu. Hilo sikuliona. Nilikuwa natazama injini.

Siku moja nilimpigia kelele. Nilikuwa nimekesha nikikata pistoni, macho yamewaka moto, na injini ilikuwa imekwama mbele yake kwa mara ya sita siku hiyo.

"Oya nini, Data? Oya nini? Nimefanya kila kitu! Basi nionyeshe wewe!"

Kisha polepole, kama mtu anayemwonyesha mtoto mzito wa kuelewa, akachukua mkono wake uliokufa akauweka juu ya goti. Akapeleka wa pili mbele ya goti. Akaniangalia usoni, wala si kwa hasira. Mimi nikampigia ukelele dada alete ile dawa ya kuchua.

Hapo ndipo alipoacha. Mbele yangu hakufanya tena. Nilipomletea injini wiki iliyofuata alifumba macho, akageuzia ukutani ule upande wa uso ulio mzima. Dada akaniambia niache kumchosha mgonjwa. Nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba, na nasema wazi kwamba nilimkasirikia baba. Niliona hana shukrani.

Alifariki mwanzo wa masika, asubuhi, nikiwa barazani na pistoni ya tano kwenye jiriwa. Mwenye duka ndiye aliyepokea habari mlangoni. Alikuja akaniondolea tupa mkononi kwanza, akaiweka chini, ndipo akaniambia. Akafunga duka, akatoa lori lake, akatupeleka Murungu bila utani hata mmoja njia nzima, na njia ni ndefu na matope yalikuwa mengi.

Waliochimba kaburi ni wale wale wa kwenye mtungi. Walichimba vizuri, walilia kama watu wa kwao. Mmoja, yule wa jiwe la kusagia, alinijia tukiwa tunanawa mikono.

"Mzee alituambia unamtengenezea. Akasema tusubiri tuone," alisema. "Imefika wapi?"

"Bado," nilimjibu.

"Pole sana," akasema, na nilijua anamaanisha yote mawili.

Tulipoanua tanga, dada akabaki Murungu kwenye nyumba ya baba, mimi nikarudi Kasulu kwenye karabai zangu. Injini niliifunga kwenye gunia, nikaiweka juu ya kabati. Miezi ilipita kabla sijaenda Kigoma kutafuta risasi ya kulehemu na vipuri. Nilipomaliza kununua, bado lori halijaondoka, miguu ikanipeleka stesheni. Siwezi kusema nilikwenda kutafuta nini.

Treni ya siku hiyo ilivutwa na injini ya dizeli. Ile ya mvuke niliiona mbali kidogo, kwenye reli ya pembeni, baridi, nyasi zimeota katikati ya magurudumu. Hakuna askari aliyeilinda. Mbuzi wawili walikuwa wanakula kando yake. Nikaisogelea, nikasimama upande wa kulia, na nikaona pini ya gurudumu ikiwa juu kabisa, na mkono wake mrefu wa chuma umelalia hapo. Kama nilivyochora. Nikazunguka kwa mbele, nikavuka reli ambayo siku ile nilikatazwa, nikatazama upande wa kushoto.

Pini haikuwa juu. Ilikuwa mbele.

Nikadhani imeharibika. Nikarudi kulia: juu. Nikaja kushoto: mbele, imeitangulia ya kulia kwa robo ya mzunguko. Nilivuka mara tatu, nne, mbuzi wananitazama. Na hapo nikaelewa kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Upande mmoja ukifika mahali pake pa kufia, wa pili upo kwenye nguvu zake na unauvuta. Haziwezi kufa pamoja. Ndiyo maana injini haisukumwi. Zangu nilizilinganisha, kwa hiyo zilikufa pamoja kila mara.

Lakini hilo nililifikiria baadaye. Pale pale nilichokiona ni magoti mawili. La kulia, mkono juu. La kushoto, mkono mbele. Mtu aliyezunguka injini maisha yake yote na kopo la mafuta, pande zote mbili, alikuwa hana mdomo, akachukua mwili wake mwenyewe akaufanya magurudumu, akanichorea. Zaidi ya mara ishirini alinichorea. Nilikaa chini kwenye nyasi zile na kulia kwa sauti, na mtu mmoja aliyepita na baiskeli akateremka kuniuliza nimeibiwa nini.

Kuitengeneza ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nasema tena, asubuhi moja. Niliyeyusha risasi kwenye magurudumu matatu ya kushoto, nikayazungusha robo, nikayalehemu. Pistoni zilikuwa nzima, ngozi nzima, boila zima, kila kitu kilikuwa kizima siku zote. Nikawasha spiriti, nikafungua koki, nikaweka mikono yangu mgongoni. Ikaondoka. Fundi cherehani alipiga makofi. Mwenye duka alisema, "Haya, fundi, nimekuomba radhi," na hilo lilikuwa jambo la kwanza la dhati kumsikia akisema. Sikuwa na furaha yoyote. Niliizuia isianguke kutoka barazani, nikaimwaga maji, nikaifunga kwenye gunia, nikaenda kutafuta lori la Kibondo.

Dada nilimkuta uani anapepeta maharage. Nilimwambia aje aone. Tuliutoa mlango wa chumba cha baba kwenye bawaba, tukaulaza chini uwe sawa, maana sakafu ilikuwa na mashimo. Nikajaza maji, nikawasha. Tulisubiri. Maji yakaimba. Nikafungua koki, na ile injini ya mawe ya ratili na bangili za mama ikaondoka yenyewe, polepole, tok tok tok, ikipita mahali ilipokuwa ikifia kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

"Ulikuwa ugonjwa gani?" dada aliniuliza.

Sikujua nimwelezeje, kwa hiyo nilikaa mbele yake nikakunja magoti. Mkono wa kulia nikauweka juu ya goti. Wa kushoto nikauweka mbele ya goti. Nikamwonyesha kwa kidevu magurudumu yanayokwenda.

Aliangalia magoti yangu. Akaangalia injini. Akaangalia magoti tena, muda mrefu.

"Hayakuwa yanamuuma," alisema.

"Hayakuwa."

"Mimi nilikuwa naushusha mkono wake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kila alipouweka juu ya goti, mimi naushusha, naufunika na blanketi. Nilidhani anauchosha. Hata usipokuwepo, ukishatoka tu na injini yako, alikuwa anauweka tena, nami naushusha." Akakung'uta makapi ya maharage nguoni. "Siku ya mwisho pia niliushusha."

Injini ilikuwa imefika ukingoni mwa mlango. Nikaidaka.

"Izime," alisema dada.

Nilipuliza moto wa spiriti ukazimika. Lakini injini ya mvuke haizimiki kwa kuzima moto. Maji yalikuwa bado yanachemka ndani, koki imekwama kwa joto, na magurudumu yaliendelea kuzunguka hewani mikononi mwangu, kulia juu, kushoto mbele.

"Izime, nimesema."

"Siwezi," nilimwambia. "Lazima yaishe yenyewe."

Basi tukakaa pale kwenye mlango wa baba, mimi nimeishika juu, tukasubiri yaishe.